Mafuta Tuliyokatazwa Kuyagusa

Gharama ya mambo yote nimeihesabu mara mbili na haikubadilika: seti tatu za bushi, shafti moja kubwa iliyolika hadi ikawa na kiuno cha nyigu, msimu mmoja na nusu wa nazi, ngamia mmoja aliyeuzwa kwa mchinjaji kwa bei ya mbuzi wanne, na Mzee Pazi, aliyetolewa kazini na kunyimwa salamu Temeke nzima kwa kosa asilolifanya. Hicho cha mwisho sijui kukitia bei, na mie maisha yangu yote nimeishi kwa kutia vitu bei.

Nyie vijana mnaoshika mashine siku hizi mnanicheka. Mnasema Mzee Salumu akiletewa kopo jipya la mafuta, hata liwe limetoka kiwandani jana, anachovya kidole, anasugua na dole gumba, anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha anayachuja kwenye kitambaa cheupe. Kisha ndiyo anauliza habari za nyumbani. Chekeni tu. Lakini sikuzaliwa na tabia hiyo. Nilifundishwa, nikaiacha kwa ujinga wangu, nikairudia kwa hasara.

Aliyenifundisha ni huyo huyo Mzee Pazi. Zama hizo za Mwingereza, kabla ya vita, Temeke ilikuwa minazi na mihogo, na katikati yake kulikuwa na kinu cha ngamia cha kukamulia mafuta. Kinu kilikuwa mali ya wenye minazi, kaya arobaini na moja zilizoungana zikamue mbata zao wenyewe, yaani zile nazi kavu, badala ya kuziuza kwa bei ya kutupa. Mzee Pazi ndiye alikuwa fundi wake. Ngamia mwenyewe tulimwita Karani, kwa sababu alizunguka siku nzima, na jioni ukimtafuta yuko palepale.

Mzee Pazi alikuwa mfupi, mkavu, hasemi sana. Siku moja alinituma Kariakoo nikanunue debe la mafuta ya ufuta. Nikapata muuzaji, nikabishana naye tangu adhuhuri mpaka alasiri, nikamshusha bei hadi akaniuliza kama nina mama. Nikarudi nimevimba kichwa. Mzee akatia vidole viwili kwenye debe, akasugua mara moja, akavifuta.

"Umepunguziwa bei, Salumu?"

"Theluthi nzima, Mzee."

"Haya. Theluthi ya chini ni maji ya ukoko. Kwa hiyo hukupunguziwa kitu, umebebeshwa tu."

Tangu siku hiyo akanikataza kuyatazama mafuta. Alisema macho yanapenda rangi, pua inapenda harufu, vidole ndivyo havina vinachokipenda. Ukisugua mafuta mazuri, vidole vinapotezana. Yakiwa na kitu ndani, vinaambiana. Mafuta aliyoyaamini kuliko yote yalikuwa ya nyonyo, yaliyokamuliwa na wanawake wa Temeke kwa mbegu za mibono inayoota yenyewe nyuma ya vyoo. Hayo ndiyo aliyotia kwenye mhimili wa kinu kila asubuhi. Mti ule ulizunguka miaka mingi, nami sikuwahi kuusikia ukilia.

Baada ya vita, vijana waliokwenda kupigana Bama waliporudi na habari za mashine, wenye minazi wakataka injini. Sikatai, hata mie niliitaka. Karani alikuwa amezeeka. Mjini karibu na bandari kulikuwa na Mzungu mmoja, sie tukimwita Ajenti, aliyekuwa akiuza injini, pampu na taa za karabai kutoka kwao. Na huyo huyo Ajenti, sikilizeni vizuri, ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa mbata, akizipakia melini kupeleka kwao zikakamuliwe huko.

Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Mtu anayeishi kwa kununua mbata zako anakuuzia kwa tabasamu mashine itakayokufanya usimuuzie tena. Nilikuwa katika ujumbe wa kupatana bei. Nilihesabu silinda, nilihesabu boliti, nilihesabu kwamba kwa injini ile tutakamua kwa siku moja kazi ya Karani ya siku tisa. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, ila hilo moja sikulihesabu hata mara moja.

Mkataba ulikuwa na sharti. Mafuta ya bushi, yaani ya kulainisha zile pete zinazoshika shafti, mhimili wa injini, inapozunguka, lazima yatoke stoo kwake, katika makopo mekundu yaliyopigwa lakiri. Tukitia mafuta mengine, dhamana imekufa na fundi wake haji. Mzee Pazi akauliza, je, nyonyo haifai? Ajenti akacheka, mkalimani akacheka, na sie, kwa adabu ya mgeni, tukacheka pia.

Siku makopo ya kwanza yalipoletwa, alikuja nayo karani wa stoo, kijana wa mjini mwenye tai, tukimwita Bwana Stoo. Akatuvuta pembeni, akashusha sauti.

"Ndugu zangu, mie ni Muislamu kama nyie, siwezi kunyamaza. Haya mafuta yana shahamu ya nguruwe. Yatumieni kwenye chuma, chuma hakina dini. Lakini msiyaguse kwa mkono."

Tulimshukuru. Mwenyekiti wetu alimpa kuku wawili, na mie nikamwongeza nazi sita, nikijiona mkarimu. Wake zetu wakatushonea mifuko ya mikono kwa kaki nzito. Tukayatoboa makopo kwa msumari na kuyamimina kwa mrija mrefu, shingo tumegeuza pembeni kama mtu anayepewa dawa chungu. Makopo matupu tukayachimbia shimo. Kwa jinsi tulivyoyaheshimu mafuta yale, ungedhani ndiyo yaliyotununua sie.

Mie ndiye niliyefanywa mshika injini. Kazi yangu ilikuwa kuipasha moto kichwa kwa taa ya kupuliza, kulisukuma gurudumu, kuuangalia mkanda, na kuhesabu matone ya mafuta yanayodondoka kwenye bushi kupitia kikombe cha kioo: kumi na mawili kwa dakika. Nikiyahesabu, nikiyahesabu tena. Miezi sita injini ilikwenda kama saa. Wenye minazi wa Mbagala na Kigamboni nao wakaanza kuleta mbata kwetu. Ajenti alibaki na ghala lake na panya wake. Karani tukamuuza, na Mzee Pazi tukampa kazi ya kupokea mbata mlangoni.

Kisha yakaja makopo mapya. Lakiri ileile, wekundu uleule. Wiki ya tatu bushi zikaanza kupata moto. Ya tano injini ikaanza kugonga, kule kugonga unakokusikia tumboni kabla ya masikioni. Tukamwita fundi wa Ajenti. Akaja Mzungu mwenye kaptula, akafungua, bushi zimekwisha kama sabuni. Akatuuzia mpya. Miezi miwili, zikaisha hizo. Meli iliyobeba nyingine ilichukua muda wake, na mbata haisubiri meli, inaota ukungu. Watu wakaanza kuzirudisha kwa Ajenti kimyakimya kwa punda, naye akazipokea kwa bei aliyoitaka yeye.

Bushi za tatu zilipofungwa, fundi yule aligundua kitu. Alifuta bushi kwa kitambaa, akanusa, akasema humu kuna mafuta yasiyo yetu. Na Mwenyekiti, aliyekuwa amefika mapema asubuhi ile, akasema alimkuta Mzee Pazi ameinama juu ya shafti na kibuyu mkononi.

Fundi akaweka vifaa vyake chini, akasema kwa kupitia mkalimani: "Mashine hii haina ubovu. Inaharibiwa. Ama ni ujinga wa anayeiendesha, ama ni uovu wa mtu mwingine. Chagueni."

Aliyeiendesha ni mie.

Mkutano ulifanywa kiwandani Ijumaa baada ya swala, watu wamekaa juu ya magunia. Mzee Pazi akaulizwa.

"Nilitia nyonyo," akasema. "Niliona chuma kinaumia. Niliwaambia, hamkusikia."

"Au ulitia mchanga, Mzee?" akasema mtu wa nyuma. "Unamlipia kisasi ngamia?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema huyu anataka turudi kuzunguka, na mwingine akamwitia ngamia Karani kwa sauti. Mzee Pazi akaletewa msahafu. Akala yamini kwamba hakutia mchanga wala kitu chochote kilichokusudiwa kudhuru, ila nyonyo. Yamini ikapokelewa, wala haikuaminiwa. Mwenyekiti akamwomba atoke nje tupige kura ya mikono kama aondoke au abaki.

Nilikuwa na minazi kumi na saba ya urithi, kwa hiyo nilikuwa na mkono. Na nilijua, kama nilivyojua matone ya kioo kile, kwamba Mzee Pazi hajawahi kudhuru hata kigingi. Lakini nilijua pia kwamba kama si uovu wake, basi ni ujinga wangu. Mwenyekiti akahesabu mikono thelathini na nane, yaani kila mwenye minazi aliyekuwapo. Nami nikaihesabu mara mbili. Ilikuwa thelathini na nane, na wangu ndani yake.

Mzee alikwenda Kawe kwa binti yake, Bi Zuhura. Aliondoka na jamvi, kibuyu na birika. Watu walimwona anapita, hakuna aliyemtolea salamu.

Wiki chache baadaye tukaajiri wapagazi wapya, na mmoja alikuwa Lukasi, Mmakonde wa upande wa Newala, Mkristo, mtu wa mabega na maneno machache. Jioni alikuwa akichonga vinyago vya mpingo akiuza mjini. Siku moja akaniuliza kama makopo mekundu tunayafukia kwa sababu ya dawa gani. Nikamweleza habari ya nguruwe.

"Nguruwe si ugomvi wangu," akasema. "Niachie yale ya chini yanayobaki."

Nikamwachia. Wiki ya pili akaja amebeba kinyago cha mzee mwenye mzigo, kinang'aa hadi unaona meno yako.

"Braza Salumu, mafuta yenu ni baraka. Sitafuti tena majani ya msasa."

"Majani ya msasa kwa kazi gani?"

"Ya kulainishia mti. Yanakwangua. Lakini mafuta haya yanakwangua yenyewe. Unapaka, unasugua, mti unalika vizuri kabisa. Mnayatoa wapi?"

Nikaizima taa ya kupuliza, nikaiweka chini.

Nikafungua kopo jipya lenye lakiri. Nikavua mfuko wa kaki, nikasema bismillahi, nikatia vidole viwili. Vidole vikaambiana. Nikayachuja kwenye kipande cha bafta, nikakiosha kwa mafuta ya taa, na juu ya kitambaa ukabaki unga wa kijivu, laini kama poda ya mtoto, mkali kama tupa. Unga wa msasa wa kusagia vyuma. Tulikuwa tunauhesabu kuingia kwenye bushi, tone kwa tone, matone kumi na mawili kwa dakika, na kazi hiyo nikiifanya mie kwa uangalifu mkubwa.

Kisha nikanawa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Na kwa kuwa nina tabia ya kuhesabu mara mbili, nikanawa kumi na nne. Bure. Baadaye nilimpelekea mafuta hayo fundi mmoja mwenzetu wa karakana ya reli. Akanusa, akanitazama kwa huruma. "Nguruwe wa wapi, Salumu? Haya ni mafuta ya kuchimbwa ardhini. Hakuna mnyama humu."

Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo, kuliko hata bushi. Mtu akitaka kukuibia huweka kufuli pale asipotaka ufungue. Wale hawakununua kufuli. Walitumia swala zetu. Walijua kwamba watu wa kinu huyapima mafuta kwa vidole, wakatafuta neno moja la kutufanya tuifiche mikono wenyewe, tena tulipe kwa kuku wawili na nazi sita. Bwana Stoo nilikuja kumuuliza baadaye. Aliapa kwamba naye aliambiwa hivyo na bosi wake, akaona ni wajibu wake kututahadharisha. Ninamwamini. Aliogopa kwa dhati, kama sie.

Tukaenda kwa Ajenti watu watatu, Mwenyekiti, Lukasi na mie, na kopo ambalo lakiri yake haijakatwa. Alikuwa ofisini, feni ya mezani inamzungukia usoni. Akasema uchafu huingia melini. Akasema hali ya hewa ya pwani. Akasema mikono ya Waafrika. Nilimsubiri amalize, kwa sababu katika kupatana bei asiyemaliza kusema hajaanza kupunguza.

"Bwana," nikasema, "sie hatukuja kwa kesi. Tumekuja kwa ombi dogo. Fungua kopo hili mwenyewe, utie tone moja kwenye feni yako."

Mkalimani akatafsiri. Ajenti akalitazama kopo.

"Feni haitumii mafuta haya."

"Basi gari yako pale nje. Tone moja."

"Gari ina mafuta yake."

"Saa yako, Bwana. Hata saa. Nusu tone, nitakupunguzia."

Lukasi akacheka kwa pua. Mwenyekiti alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Feni ilikuwa inazunguka, haikosi hata pumzi, na Ajenti hakulisogeza kopo wala hakulisukuma. Alipofungua kinywa hakuzungumzia mafuta tena. Alisema atatupa seti moja ya bushi bure na atalifuta lile sharti. Nikataka na shafti. Akasema shafti hana. Nikataka aandike barua kwamba Mzee Pazi hakuharibu mashine. Akasema hamjui mtu huyo, na kweli hakuwa amemjua. Kesi hatukufungua. Tuliambiwa na kila tuliyemuuliza kwamba Mwafrika na kopo lake mbele ya Mzungu na karatasi zake ni safari ndefu ya kurudi mikono mitupu. Msimu ule mbata zote za Temeke zilipita kwenye ghala lake.

Shafti tulichongewa na mwenzetu yule wa reli, kwa siri na kwa mkungu wa ndizi kila Jumamosi. Na bushi nikazitia mafuta ya nyonyo. Zilidumu miaka minne. Basi nawaambia nyie mnaoletewa mashine zenye karatasi nzuri: kabla ya kuuliza mashine inafanya nini, muulize anayekuuzia anakula wapi ikifanya kazi, na anakula wapi ikiharibika. Akila pazuri zaidi ikiharibika, rudi nyumbani. Kama huwezi kurudi, basi mjue mtu wa mtaani kwenu anayeweza kuichonga ile sehemu inayoisha kwanza. Weka sampuli ya kila kopo kwenye chupa, uandike siku. Na ukikatazwa kugusa kitu ulichokinunua, kiguse.

Nilitumwa na Mwenyekiti kwenda Kawe kumpelekea Mzee Pazi kanzu mpya na habari zote. Nilimkuta nje ya nyumba ya Bi Zuhura anasuka kamba ya makumbi. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia habari za unga wa msasa. Akaomba nirudie sehemu ya Lukasi na kinyago, akacheka taratibu, mabega yakitikisika. Kisha akaniuliza.

"Siku ile mliponitoa nje. Ilikuwa mikono mingapi?"

Bi Zuhura alikuwa mlangoni na ungo, anasikiliza.

"Thelathini na saba, Mzee," nikasema.

Akaendelea kusuka. "Nilijua wewe hukuinua," akasema. "Nilimwambia huyu binti. Nilimwambia Salumu hawezi."

Alifariki masika yaliyofuata. Makaburini ndugu zake walisimama wakauliza, kama ilivyo ada, kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, ajitokeze. Nilikuwa safu ya pili. Nikatazama viatu vyangu.

Sasa Bi Zuhura ni mzee kama mie. Kila Idi hunitumia bakuli la tambi kutoka Kawe, na ujumbe uleule kwamba ni la yule mmoja ambaye hakuinua mkono kumtoa baba. Huwa nazila, kwa sababu aliyezileta husimama akisubiri bakuli. Idi imebaki wiki tatu. Nyie mmesoma kunishinda, na hamkuwapo kwenye magunia siku ile, kwa hiyo hamna cha kuficha. Naomba mnipe shauri. Niende Kawe nikamwambie ile hesabu ilikuwa thelathini na nane, nimvunjie mwanamke mzee kitu kimoja kizuri alichoachiwa na baba yake? Au nizile tena?